Jina la Rosalie Kwenye Bima Yangu

Dzaleka, 9 Februari 2025

Baba Divin,

Sikuandikii ili kukusalimu. Watoto ni wazima, paa halivuji, salamu zimekwisha.

Juzi Nizigama, yule muuza unga wa muhogo, aliniletea bahasha kutoka dukani kwenu. Alisema uliisahau juu ya magunia, akaona jina langu, akafikiri umeniandikia. Ndani kulikuwa na karatasi za Kiingereza, nikazipeleka kwa mwalimu Mbarushimana. Alisoma mara mbili, kisha akamwomba mkewe atoke nje.

"Mama Divin," akaniambia, "hii ni asiransi, bima ya maisha, ile yenye haina mwisho mpaka mutu afe. Baba Divin njo iko analipa kila mwezi. Lakini maisha yenye bameandika humu si yake. Ni yako. Siku utakufa, njo feza zitatoka."

Nikauliza zitakwenda kwa nani. Akasema kwa watoto, ila kwa kuwa bado wadogo kuna mtu atakayewashikia. Mtu huyo ni Rosalie Ntirampeba, wa Kauma, Lilongwe.

Mwalimu hakujua kwa nini nilikaa chini. Wewe unajua. Rosalie ndiye uliyemposa nyumbani kabla ya vita, ambaye baba yako alipeleka kwao ng'ombe wa mahari, na ng'ombe huyo hajarudishwa mpaka leo. Kina mama wa kisimani hunikumbusha hilo kila wanapokosa la kuzungumza. Ng'ombe asiporudishwa, wanasema, mke ni yule yule. Mimi nilikuwa nikicheka nao. Nilidhani huyo mwanamke yuko Tanzania, au amekufa, Mungu anisamehe. Kumbe yuko Kauma, mtaa mmoja na duka lako.

Nikakumbuka mwaka juzi, mwezi wa tano, uliponipeleka Lilongwe. Nilipimwa presha, nikatolewa damu, nikaambiwa nikojoe kwenye kikopo, nikatia sahihi karatasi sita. Nilipouliza ni za nini ulisema, "Tusubiri, Mungu ni mwema." Havyarimana, hapa kambini mtu akipimwa damu na mkojo na kutia sahihi karatasi nyingi, maana yake ni moja tu: jina limetoka, anasafiri kwenda kuishi ng'ambo. Nilimpa jirani masufuria yangu mawili makubwa. Nikauza kuku. Watu walikuja kuniaga, wakaniimbia! Karibu miaka miwili sasa wananiuliza kama ndege imeharibika. Na wewe ulikuwa unaniona nikigawa vyombo, ukanyamaza.

Sasa nimeelewa. Umekinunua kifo changu, umemkabidhi mchumba wako wa zamani, mnakaa mnasubiri.

Kama jina la Rosalie halijatoka kwenye karatasi hizo kufikia Pasaka, nitakuja kuivunja bima hiyo mwenyewe. Mwalimu anasema ikivunjwa kabla ya kutimiza miaka miwili, yaani mwezi wa sita, hakuna senti inayorudi. Na isirudi.

Générose,
mke wako, kama bado naitwa hivyo


Kauma, Lilongwe, 16 Februari 2025

Mama Divin mpenzi,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikaisoma tena nimekaa. Ukikasirika unaandika vizuri kuliko makarani wote wa mji huu.

Kosa la kwanza nalikubali. Nilipaswa kukwambia. Masufuria nimekununulia mengine, Nizigama anakuletea, kagua vifuniko kabla hajaondoka.

Sasa nisikilize. Baba yangu aliniachia shamba la migomba. Liko wapi? Analima mtu nisiyemjua. Hapa hatuna ardhi yetu, na nyumba ya Dzaleka ni ya kambi, tukitoka leo anaingia mwingine kesho. Nilijiuliza Divin na Darlène nitawaachia nini. Fedha taslimu ukiweka ndani zinaliwa na mchele na dawa. Chama cha mazishi cha kanisani kinanunua sanduku na sukari ya chai ya matanga, basi, kesho yake watoto wana njaa. Bima hii ni kitu kingine. Kila mwezi natoa kidogo, na sehemu ya hicho kidogo inakaa humo ikikua. Ukifika miaka yako hamsini, kukiwa na shida ya kweli, unaweza kukopa humo bila kumpigia mtu magoti. Usipogusa, inabaki kwa watoto, hata ukifa na miaka mia. Hakuna anayeweza kuwafukuza humo wala kuwaambia warudi kwao.

Kwa nini jina lako na si langu? Wewe una miaka thelathini na sita, mimi hamsini na mbili. Kampuni inampenda mtu mdogo, malipo yake ni nafuu. Ni hesabu tu, usitafute mambo.

Na Rosalie: mwangalizi wa watoto lazima awe na akaunti ya benki na anuani isiyo ya kambi. Alikuwa ameolewa na Mmalawi, sasa ni mjane, karatasi zake zimekamilika. Nilikutana naye hapa sokoni miaka mitatu iliyopita. Ng'ombe wa baba aliliwa na wanajeshi mwaka ule ule wa tisini na tatu, waambie kina mama wa kisimani.

Usiivunje. Nakuomba kama sijawahi kukuomba kitu.

Havyarimana


Dzaleka, 2 Machi 2025

Rosalie,

Hunijui, ila jina langu umelishika kwenye karatasi, kwa hiyo tusijifanye wageni.

Nizigama ameleta masufuria, na mdomo wake ameuleta pia. Anasema mume wangu anakula kwako kila Jumapili baada ya ibada. Anasema mashati yake yanaanikwa uani kwako. Anasema siku moja aliwaona mnatoka mjini, umemshika mkono kama bibi harusi, mnatembea polepole, hamna haraka na mtu. Na yeye mwenyewe alikaribishwa chakula hapo kwako, akasema, "Ah, Mama Divin, ule mama haweke chumvi hata kidogo! Mi nilimeza tu juu ya heshima." Basi hata kupika hujui. Nimelala vizuri siku hiyo.

Mimi nilikutana na Havyarimana akiwa hana viatu, anasukuma mikokoteni ya maji. Wewe ulimpata kijana wa shamba la migomba, halafu unamrudia akiwa mtunza stoo wa duka la jumla. Katikati hapo, kwenye njaa na malaria na karatasi, nilikuwepo mimi. Nimemzalia watoto wawili. Sasa umeandikwa kwamba nikifa utawashika. Hukupata watoto wako, unangoja wangu?

Toka kwenye hiyo bima. Toka na kwenye Jumapili zangu.

Générose Irangabiye


Kauma, 10 Machi 2025

Mama Divin,

Nimepokea matusi yako. Nimeyasoma yote, maana ni mara ya kwanza mtu kuniandikia barua ndefu hivyo.

Ni kweli sikuzaa. Ni kweli mahari ililipwa kwetu na nilikuwa nimeshasukiwa mkeka wa kuolewa wakati vita vilipotukimbiza, yeye njia yake na mimi yangu. Nilipomwona sokoni baada ya miaka ishirini na tisa, jambo la kwanza alilonionyesha ni picha yako kwenye simu, na Darlène mgongoni. Alinionyesha kwa furaha, kama vile mimi ni shangazi yake. Nikasema, "Mke wako ni mzuri." Nikaenda nyumbani nikavunja kikombe. Unadhani wivu uko Dzaleka tu?

Hajalala kwangu hata siku moja. Anakula, anapumzika kwenye kiti, anarudi dukani. Mashati nafua kwa sababu siku hizi kufua kunamchosha.

Kuhusu chumvi, muulize yeye. Kuhusu bima, muulize hivi: kabla hajaandika jina lako, kwa nini hakuandika la kwake? Jibu analo. Si langu kulitoa, niliapa.

Rosalie


Dzaleka, 23 Machi 2025

Baba Divin,

Alhamisi nilikuja Lilongwe. Hukuniona.

Nilianzia ofisi ya bima. Nilimkuta yule wakala wako Raissa, binti wa Kinyarwanda aliyekuandikia karatasi. Nilimwambia nataka kuivunja. Akanipa kiti, akaniambia, "Mama, huwezi. Papa njo mwenye bima, we njo mwenye kuwekewa. Lakini kama ulitia sahihi bila kuelezwa, andika malalamiko. Hayo kampuni itasikia, itafuta yote." Nikamwomba kalamu. Niliandika kwamba nilidanganywa, nilifikiri ni safari. Alisoma, akaniangalia kwa huruma nisiyoiomba. "Papa hakukwambia?" Nikasema, kuniambia nini? Akageukia kompyuta yake. Ameahidi kuishika barua hadi mwisho wa mwezi kabla ya kuipeleka juu, kwa sababu ikishapanda hairudi.

Kila mtu ana kitu ambacho hukuniambia. Mwanamke wa Kauma anacho, binti wa ofisini anacho.

Kisha nikapanda minibasi hadi Kauma nikuulize ana kwa ana. Nilisimama ng'ambo ya barabara, nyuma ya mama mmoja anayekaanga viazi. Ulikuwa umekaa kwenye gunia mlangoni mwa stoo. Yeye alikuwa amepiga magoti mbele yako, mchana, watu wanapita. Alikufungua kamba za viatu, akakuvua kimoja, akakuvua cha pili, akaviweka pembeni taratibu kama vya mtoto. Wewe ulikuwa umefumba macho.

Kama ningewakuta kitandani ingekuwa afadhali. Hilo ningejua namna ya kulipigia kelele. Nilirudi stendi bila kununua hata andazi kwa ajili ya watoto.

Mwisho wa mwezi barua inapanda.

Générose


Kauma, 26 Machi 2025

Générose wangu,

Nizigama ananisubiri mlangoni, kwa hiyo nitasema yote, hata kama mwandiko unaenda upande.

Viatu alinivua kwa sababu miguu ilikuwa imevimba hadi kamba zinanibana, na mimi nikiinama pumzi inakatika. Ni moyo. Daktari anasema umekuwa mkubwa na umechoka. Ndiyo maana sili chumvi. Ndiyo maana naenda mjini nimeshikwa mkono, ni siku za hospitali.

Mwaka ule wa ishirini na tatu nilikwenda ofisini kwa Raissa nijiandikishe mimi. Mimi, jina langu, wewe na watoto mrithi. Walinipima. Baada ya wiki mbili wakanirudishia karatasi: hapana. Raissa alilia kuliko mimi. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba naumwa, kwa kukataliwa na kampuni. Waliyaangalia maisha yangu wakaona si kitu cha kuchukua.

Nilitembea hadi mtaa wa Mtandire na kurudi nikiwaza. Sikuwa na nyumba, sikuwa na shamba, na sasa hata kifo changu hakina thamani. Kitu cha thamani nilichobaki nacho kilikuwa wewe. Nikarudi nikamwambia Raissa, "Pima bibi yangu." Ulifaulu kila kipimo. Daktari alisema una mwili wa kufika miaka tisini, nami nilitoka nje nikashukuru peke yangu ukutani.

Ningekwambia ni bima, ungeniuliza kwa nini si yako, na uongo mimi siuwezi mbele ya macho yako. Kwa hiyo nilinyamaza, ukajiaminisha safari. Nilipokuona unatoa masufuria nilitaka kusema. Ulikuwa unaimba. Sijakuona ukiimba hivyo tangu tufike Malawi, nikashindwa kukunyang'anya. Hilo ndilo kosa langu kubwa, si Rosalie.

Yeye alijua kwa sababu nilianguka dukani na ndiye aliyekuwa amekuja kununua sabuni. Nilimwapisha asikwambie. Usimwadhibu kwa kiapo changu.

Umeandika kwamba nimenunua kifo chako. Mke wangu, sikununua siku moja, ile ya mwisho. Nimenunua miaka yako. Kadiri unavyoishi ndivyo inavyokua, na mimi nikishaondoka kutakuwa na kitu mahali fulani kinachoongezeka kwa sababu tu wewe unapumua. Ukiivunja sasa, nitakuwa sikuacha chochote duniani.

Njoo. Nimechoka kukuficha.

Havyarimana wako


Dzaleka, 30 Machi 2025

Baba Divin,

Nimempigia Raissa kwa simu ya mwalimu. Barua ameichana, nimesikia mwenyewe karatasi ikichanika.

Wewe ni mjinga. Ni mume mjinga kuliko wote wa Dzaleka na Mponela wakijumlishwa. Ningekuvua viatu mimi. Ungeniambia tu mara moja.

Watoto nimewaacha kwa mke wa mwalimu. Nizigama anaondoka na barua hii leo, mimi nakuja kesho na basi la kwanza. Mwambie yule mwanamke asikupikie tena. Bila chumvi nitapika mimi.

Générose


Kauma, 14 Julai 2025

Mama Divin,

Nimengoja karibu miezi miwili kabla ya kukuandikia, nikiogopa kuongeza kidonda. Pole. Pole tena. Sijui pole nyingine.

Siku ya mazishi ya Havyarimana nilikuja Dzaleka na watu wa dukani. Nilisimama nyuma, karibu na uzio, kwa sababu mkekani nilikuwa sina jina la kukalia. Mke, hapana. Dada, hapana. Mmoja wa kina mama aliniuliza, "We ni nani wa marehemu?" Nikasema mimi ni mteja. Nilikuona umeshika kichwa cha Divin. Najua wiki saba zile ulizomuuguza kwenye chumba chake cha dukani hukuniruhusu kuvuka mlango, na sikulaumu, ila kila siku nilipita mbele ya duka nikisikia unamsomea magazeti ya zamani kwa sauti, mpaka kurasa za mpira. Niliona wivu mkubwa. Nakuandikia ili ujue, nisije nikazeeka nalo.

Jambo la bima: Raissa alinitafuta mwezi wa tano akasema malipo ya Aprili hayakufika, fedha ziliishia kwenye safari za hospitali. Nililipa ya Aprili, ya Mei na ya Juni, isije ikafa pamoja naye. Mwezi wa sita imetimiza miaka miwili, sasa ina kitu ndani. Raissa anakusubiri uende ikaandikwe kwa jina lako.

Nimeweka humu karatasi ya kujitoa kwenye uangalizi. Nimeshatia sahihi. Uliniambia nitoke, nimetoka.

Rosalie


Dzaleka, 3 Agosti 2025

Dada Rosalie,

Nimekuita dada mara moja, usizoee.

Jumanne nilikwenda ofisini. Sasa mimi ndiye mwenye bima na mimi ndiye niliyewekewa, najilipia mwenyewe kwa mandazi ninayouza shuleni. Raissa alinionyesha kwenye kompyuta kiasi kilichokwisha kukaa humo. Ni kidogo, hakinunui hata baiskeli. Nilikiangalia muda mrefu. Ni kazi ya mikono yake, yote aliyoweza kuificha njaa na hospitali, nami nilitaka kuichoma kwa sababu ya viatu.

Miezi mitatu uliyolipa sitakurudishia. Hizo ni Jumapili zangu ulizokula naye, tumelipana.

Raissa akaniuliza nimweke nani badala yako. Nilipitisha watu wote kichwani. Mwalimu Mbarushimana jina lake limetoka kweli, anakwenda Australia. Ndugu zangu sijui walipo. Nizigama hawezi kutunza hata siri. Nilikaa pale mpaka binti wa watu akaniletea chai, na kila nilipozunguka nilirudi kwako: mwanamke aliyeapa akanyamaza nilipomtukana, aliyelipia maisha ya mtu anayemchukia. Nilikasirika sana kuona hakuna mwingine. Karatasi yako ya kujitoa nimeichana hapo hapo mezani. Jina libaki.

Tarehe ishirini na tatu tunaondoa matanga. Kutakuwa na pombe ya mtama na sala. Njoo mapema, usisimame kwenye uzio. Akikuuliza mtu wewe ni nani, mwambie aniulize mimi. Kina mama wa kisimani nimeshawaambia, wamenyamaza kwa mara ya kwanza tangu nihamie block hii.

Lakini tuelewane. Nikifa, wewe ndiye utakayewashika mkono wanangu. Utawapikia, utawachania nywele, siku moja Darlène atakuita mama bila kukusudia. Nimeliona hilo lote mbele ya macho, na wivu ulionipanda ni ule ule wa Februari, haujapungua hata punje. Kwa hiyo sitakufa. Wiki iliyopita nimepimwa tena zahanati, presha yangu ni ya msichana. Nitawalea hawa mpaka waoe na waolewe. Wewe umenizidi umri, nitakuuguza, nitakuzika, nitakulilia kwa sauti kama ndugu, halafu nitarudi nyumbani kupika. Havyarimana ameilipia miaka yangu yote, na sikuachii hata mmoja.

Générose Irangabiye